Dokta, Nipe Kitu cha Pumzi

Tangu Alphonce Simbu atwae dhahabu ya marathoni kule Tokyo, Septemba 15, 2025, wateja wangu wana swali moja wasilolichoka: "Dokta, yule huwa anakunywa nini?" Ulikuwa mwisho wa kusisimua. Simbu na Mjerumani Amanal Petros walimaliza wote wawili kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, ikabidi picha iamue, na pengo likaonekana ni sekunde 0.03. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Mtu akiona ubingwa umeamuliwa na pengo dogo namna ile, ni rahisi kuamini kwamba kuna kitu kidogo mahali fulani, kijiko cha unga au glasi ya mchemsho, kinachomtoa mkimbiaji nafasi ya pili na kumweka ya kwanza.

Mimi ni muuguzi kwa mafunzo na nina duka la dawa muhimu Mbagala, karibu na Barabara ya Kilwa. Udokta ninaoitwa ni heshima ya mtaani. Jumapili alfajiri duka hulifungua mwenzangu, mimi nikiwa barabarani na klabu yetu ya jogingi. Anayeijua Temeke anazijua Jumapili zake: Rangi Tatu, Mtoni Kijichi, Chang'ombe, na upande wa Kinondoni kule Mwenge, Tegeta na Bunju, kote ni fulana za rangi moja, filimbi na nyimbo za kuitikiana, daladala zikipunguza mwendo kutupisha. Zamani jogingi ilikuwa ya vijana wa mtaa na bonanza lao. Siku hizi benki na makampuni yana marathoni zao, watu wananunua namba za kilomita 21, wana saa za mkononi zinazohesabu mapigo ya moyo, na kila mtu anataka kupunguza dakika.

Soko limewafuata. Pale tunapomalizia mbio wapo wauza supu na chapati, wapo wenye mashine za miwa, na wapo wenye ndoo za alkasusu, juisi ya choya na tangawizi iliyotiwa asali na limau. Wamasai hupita na magome na mizizi. Kwenye simu ndiko kumezidi: unga wa mlonge, vidonge vya ginsengi, na vumbi lisilo na jina linaloahidi pumzi, nguvu za kiume na tiba ya kisukari kwa mpigo. Dawa moja inayotibu mambo matatu yasiyohusiana ingepaswa kumtia mtu shaka kabla hajatoa pesa.

Siidharau mitishamba. Dawa mseto ya malaria ninayoiuza kila wiki asili yake ni mmea wa Kichina uitwao Artemisia annua. Nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, ina Baraza linalosajili waganga na dawa zao, na pale Muhimbili utafiti wa dawa za asili umekuwa ukifanyika tangu mwaka 1974. Mmea ni kiwanda cha kemikali. Ndiyo maana nasema anayeuza mmea kwa ajili ya pumzi aulizwe maswali yaleyale anayoulizwa anayeuza kidonge: kuna nini ndani, kiasi gani, na kinafanya kazi wapi mwilini?

Hapo kwenye "wapi" ndipo wengi tunapopotea. Mkimbiaji akikata pumzi kilomita ya 15 hushika kifua, akidhani mapafu yamemsaliti. Kwa mtu mwenye afya mapafu yana akiba kubwa, na mara chache ndiyo yanayoshindwa kwanza. Kinachoamua ni uwezo wa moyo kusukuma damu, wingi wa hemoglobini inayobeba oksijeni ndani ya damu hiyo, na uwezo wa misuli kuitumia oksijeni ikishafika. Kuna pia akiba ya wanga iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini, ambayo kwa mwendo wa kasi hukaribia kwisha baada ya saa moja na nusu hadi mbili. Kuna joto la mwili, na kwa Dar es Salaam ya Februari na Machi, hewa ikiwa nzito kwa unyevu na jasho halikauki, hilo peke yake linatosha kummaliza mtu. Mwisho kuna ubongo, ambao ndio unaotoa amri ya kupunguza mwendo. Chochote kinachoitwa dawa ya pumzi lazima kiguse mojawapo ya hayo. Kisipogusa, umenunua ladha.

Kahawa inagusa ubongo, nayo ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko mimea yote ninayoijua. Kafeini haiongezi damu wala haipanui mapafu. Inaziba mahali ambapo ubongo hupokea taarifa ya uchovu, basi kasi ileile huhisiwa nyepesi. Kipimo kilichojaribiwa mara nyingi ni miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya uzito wa mtu, saa moja hivi kabla ya kuanza, na faida yake katika mbio ndefu huwa kama asilimia 2 hadi 4. Kwa anayekimbia nusu marathoni kwa saa 2, asilimia 2 ni dakika mbili na ushei. Hadi mwaka 2004 kafeini nyingi mwilini ilikuwa marufuku katika mashindano, kisha ikatolewa kwenye orodha. Wahaya wa Kagera walikuwa wakitafuna buni zilizochemshwa, wakizitumia safarini na kumkaribishia mgeni, karne nyingi kabla maabara hazijapima chochote. Mzee anayeuza kahawa na kashata jirani na duka langu, ambaye kila asubuhi nampa shikamoo yake akiwa anapuliza mkaa chini ya dele, anauza kwa bei ya sarafu kitu chenye ushahidi kuliko makopo yote yanayotangazwa kwenye simu. Anayeshtuka moyo au kuharisha kwa kahawa aiache. Na asiyeizoea aijaribu siku ya mazoezi ya kawaida, asingoje asubuhi ya mashindano.

Mmea wa pili wenye ushahidi ni bitiruti, na kwake kinachofanya kazi ni nitrati. Mwaka 2009 kundi la Profesa Andrew Jones wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, liliwapa vijana wa kiume nusu lita ya juisi ya bitiruti kila siku kwa siku 6. Kwenye zoezi kali la baiskeli walidumu takriban asilimia 16 zaidi kabla ya kushindwa, na zoezi jepesi liliwagharimu oksijeni pungufu kuliko kawaida. Nani asingetaka? Ila kudumu muda mrefu zaidi kabla ya kushindwa ni jambo moja, na kumaliza mbio mapema zaidi ni jambo jingine. Kwenye mbio zenyewe faida hushuka hadi asilimia 1 au 2, na kwa wakimbiaji wa daraja la juu mara nyingi haionekani kabisa, kwa sababu miili yao imeshafika mbali kwa mazoezi.

Nitrati hiyo hubadilishwa kwanza na bakteria wanaoishi kwenye ulimi, ndipo mwili uigeuze kuwa gesi inayotanua mishipa ya damu. Anayekunywa juisi ya bitiruti kisha akasukutua kinywa kwa dawa ya kuua bakteria amejinyima faida aliyoilipia. Na tena nitrati si mali ya bitiruti peke yake. Mchicha wetu, ule unaouzwa kwa fungu kila gengeni, ni miongoni mwa mboga zenye nitrati nyingi sana. Shida ni mapishi: tunauchemsha, tunaukamua na kumwaga maji, na nitrati inaondoka na maji kwa sababu inayeyuka. Pika mchicha wako kwa maji kidogo, na mchuzi wake ule. Sijaona tangazo lolote la mchicha kama dawa ya pumzi, labda kwa sababu hakuna anayeweza kuuza fungu la mchicha kwa shilingi elfu thelathini.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliwakutanisha wataalamu, na mwaka 2018 wakatoa tamko kuhusu virutubisho. Vilivyoonekana kuwa na ushahidi mzuri wa kuongeza uwezo moja kwa moja ni vitano tu: kafeini, nitrati, kreatini, beta-alanini na magadi ya bikaboneti. Ginsengi haimo. Mlonge haumo. Kuhusu ginsengi, ile ya Siberia ilipewa sifa kubwa na watafiti wa Urusi ya Kisovieti, lakini wakimbiaji wa mbio ndefu walipopimwa kwa utaratibu mkali, wengine wakipewa dawa na wengine dawa bandia bila kujua, tofauti haikuonekana.

Tangawizi iko mahali pake. Watafiti wa Georgia, Marekani, mwaka 2010 waliwapa watu gramu 2 za tangawizi kila siku kwa siku 11, kisha wakawachosha mikono kwa mazoezi mazito. Maumivu ya misuli ya siku iliyofuata yalipungua kwa karibu robo. Ni habari njema kwa Jumatatu ya mkimbiaji, ingawa haimfanyi akimbie kasi zaidi Jumapili. Nainywa na ninaipenda.

Sasa choya, na hapa naomba msomaji anivumilie nikae kidogo, maana ndipo ninapoona madhara ya kweli. Choya ni nyekundu. Bitiruti ni nyekundu. Mtaani kwetu chochote chekundu kinaongeza damu, na mama mwenye uchovu usioisha, anayepanda ngazi mbili akahema, anaambiwa na shoga yake anywe choya. Anakunywa mwezi mzima. Wekundu wa choya hautokani na hemoglobini wala na madini ya chuma. Choya ina vitamini C, inayosaidia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye mboga na maharage, na ukiinywa pamoja na chakula chenye chuma inafaa. Peke yake haitoshi. Kilichothibitishwa zaidi kuhusu choya ni kushusha shinikizo la damu: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 uliwapa watu vikombe 3 kila siku kwa wiki 6, na shinikizo la juu likashuka kwa takriban pointi 7. Ni faida kwa mwenye presha ya kupanda. Kwa anayetumia tayari vidonge vya presha, akanywa lita nzima ya choya na kwenda kukimbia kwenye jua la Mbagala, kizunguzungu si jambo la ajabu.

Mlonge nao una chuma, ndiyo. Lakini fikiria kipimo. Kijiko cha chai cha unga wa majani yake kina takriban miligramu 1 ya chuma au pungufu, na mwanamke aliye kwenye umri wa kuzaa anahitaji kama miligramu 18 kwa siku. Utalamba kopo ngapi?

Na uhitaji ni mkubwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Karibu nusu! Sababu tunazijua: hedhi nzito, uzazi wa karibu karibu, malaria, minyoo ya safura inayofyonza damu tumboni, na chakula kisicho na chuma cha kutosha. Kwa mkimbiaji, hemoglobini ikishuka, oksijeni inayofika mguuni inashuka nayo, na hakuna mazoezi yanayoweza kufidia. Miaka ya 1970 huko Indonesia wagema mpira waliokuwa na upungufu wa damu walipewa vidonge vya chuma kwa siku 60, na utomvu waliovuna ukaongezeka. Hawakubadilishiwa shamba wala kisu. Walirudishiwa damu.

Kwenye klabu yetu yuko dada mmoja ambaye alikuwa akiachwa nyuma kila Jumapili mpaka akaanza kuona aibu kuja. Alikuwa ameshanunua unga wa aina tatu. Nilimwomba aende kituo cha afya kupima wingi wa damu, akakutwa upungufu, na alipochunguzwa zaidi akakutwa na minyoo. Alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma, kwa gharama ndogo kuliko kopo moja la ule unga. Nilimsisitizia jambo moja tu: asinywe chai na chakula. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na mlo inaweza kuzuia zaidi ya nusu ya chuma cha mboga na maharage kisifyonzwe. Aisubirishe saa moja. Leo anakimbia katikati ya kundi, akiimba.

Alkasusu ni habari nyingine. Kila muuza ndoo ana mchanganyiko wake, tangawizi, karafuu, mdalasini, asali na mengine asiyoyataja, na wateja hupokezana kikombe kimoja cha umma. Panapotiwa mzizi wenyewe wa alkasusu, ule mtamu, kuna kemikali iitwayo glisirizini. Ikitumiwa kwa wingi na kwa siku nyingi mfululizo, humfanya mtu abaki na chumvi na maji, apandishe presha na apoteze potasiamu. Potasiamu ikishuka misuli inalegea na mapigo ya moyo yanavurugika. Mkimbiaji anayetoka jasho saa mbili hana potasiamu ya kuchezea. Kikombe kimoja hakiui mtu. Ninaowahofia ni wale wanaokunywa kila jioni kwa kuwa wameambiwa kinajenga stamina.

Ila hata alkasusu ina jina. Kinachonitisha zaidi ni kisicho na jina. Kijana mmoja wa bodaboda, mkimbiaji mzuri wa klabu ya jirani, alijiandaa kwa kilomita 21 na akapewa na rafiki yake pakiti ya unga wa kahawia, aunywe na maji ya moto kabla ya mazoezi. Alifika dukani kabla ya saa sita mchana, viganja vimelowa, moyo ukimwenda mbio akiwa amekaa. Nilimpima, presha ya juu ilikuwa imepita 170. "Dokta, ni mitishamba tu," aliniambia, kana kwamba neno hilo ni kinga. Nilimpeleka hospitali mwenyewe, kwa bajaji. Alipona, namshukuru Mungu. Pakiti ilikuwa na picha ya simba, bila jina la mtengenezaji, bila orodha ya vilivyomo, bila tarehe ya kuisha muda. Daktari hakuwa na pa kuanzia.

Mambo haya yana historia ya kuhuzunisha. Februari 2003 mchezaji wa besiboli wa Marekani, Steve Bechler, mwenye umri wa miaka 23, alianguka mazoezini Florida akafa kwa kuzidiwa na joto, mwili ukiwa umefika nyuzi 42. Alikuwa akitumia kirutubisho cha mmea uitwao efedra. Mmea huo una efedrini, inayochochea moyo, inayobana mishipa ya ngozi na kuzuia mwili kupoa. Mwaka uliofuata Marekani iliupiga marufuku kwenye virutubisho. Ulikuwa mmea halisi, wa asili kabisa, uliotumika China kwa maelfu ya miaka.

Halafu kuna unga ambao uasili wake ni wa lebo tu. Mwaka 2004 maabara ya Cologne, Ujerumani, ilichapisha matokeo ya kupima virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13. Takriban asilimia 15 vilikuwa na homoni zisizoandikwa kwenye kopo. Mamlaka ya dawa ya Marekani nayo, kati ya mwaka 2007 na 2016, iligundua bidhaa 776 za virutubisho zilizofichwa dawa za hospitali ndani yake, nyingi zikiwa za nguvu za kiume na za kupunguza unene. Iliyofichwa mara nyingi katika zile za nguvu za kiume ni sildenafili, dawa ninayoijua vizuri kwa sababu haipaswi kutolewa bila cheti. Ikikutana na baadhi ya dawa za moyo inaweza kushusha presha ya mtu hadi akafa. Kwa hiyo mteja akiniambia vumbi lake "linafanya kazi kweli kweli, dokta, dakika ishirini tu," mimi sifurahi. Mizizi haina haraka kiasi hicho.

Mwaka 1993 dunia nzima iliaminishwa mitishamba. Wasichana wa kocha Ma Junren wa China walitwaa mbio za mita 1,500, 3,000 na 10,000 kwenye Mashindano ya Dunia huko Stuttgart, na wiki chache baadaye, Septemba 8, Wang Junxia akakimbia mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 31.78, akiipunguza rekodi kwa karibu sekunde 42. Kocha alipoulizwa siri akataja damu ya kobe na kuvu wanaoota kwenye viwavi wa milimani. Watu walinunua kuvu hao kwa bei ya kutisha. Mwaka 2000 wanariadha kadhaa wa kocha huyo waliondolewa kwenye timu ya Olimpiki ya Sydney baada ya vipimo vya damu, na mwaka 2016 vyombo vya habari vya China vikachapisha barua inayoelezwa kuandikwa na wasichana hao mwaka 1995, wakisema walilazimishwa kutumia dawa zilizokatazwa. Mitishamba ilikuwa pazia.

Jirani zetu Wakenya wamelipia pazia kama hilo kwa aibu kubwa. Rita Jeptoo, bingwa wa Boston na Chicago, alikutwa na EPO mwaka 2014, homoni inayoulazimisha mwili kutengeneza chembe nyekundu za damu, na wengine wakafuata. Kenya iliunda wakala wake wa kupambana na dawa hizo mwaka 2016, na mwishoni mwa mwaka 2022, ikiwa inakaribia kufungiwa, serikali ikaahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5 kwa kazi hiyo. Sheria ya shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, WADA, ni ngumu na msomaji mwenye mtoto anayechipukia riadha aijue: kilichokutwa mwilini ni cha mwanariadha, awe alijua au hakujua, awe alikipata kwenye sindano au kwenye chai. "Nilipewa na babu" haimwondolei kosa. Mirungi, mbali na kuwa haramu kwa sheria zetu za dawa za kulevya, ina kathini na kathinoni, na zote mbili zimo kwenye orodha ya WADA. Binti wa Makumbusho au Yombo mwenye ndoto ya kumfuata Magdalena Shauri, aliyekuwa wa tatu Berlin mwaka 2023, anaweza kuizika ndoto hiyo kwa pakiti yenye picha ya simba.

Wapo watakaonijibu: lakini mimi nilitumia na nikaona tofauti. Nawaamini. Mwaka 2015 watafiti wa Glasgow waliwapa wakimbiaji 15 sindano za maji ya chumvi wajichome, wakiwaambia ni kitu kinachofanana na EPO. Kwenye mbio za kilomita 3 waliboresha muda wao kwa zaidi ya asilimia 1. Imani inakimbia, hilo nalikubali kwa moyo mweupe. Ninachokataa ni mtu kuuziwa imani kwa bei ya kodi ya chumba, tena ikiwa imechanganywa na kitu kinachoweza kumsimamisha moyo.

Na swali la Simbu? Jibu langu ni la watafiti walioingia jikoni kwa wakimbiaji wa aina yake. Mwaka 2004 Vincent Onywera, pamoja na Mike Boit, mkimbiaji mashuhuri wa zamani, walichapisha walichokipima kwa wakimbiaji bora wa Kenya wakiwa kambini. Zaidi ya robo tatu ya nguvu waliyokula, asilimia 76.5, ilitokana na wanga. Ugali ulikuwa juu kabisa, sukari ikafuatia, nyingi yake ikiwa kwenye chai ya maziwa, pamoja na wali, viazi, maharage na mboga. Hicho ndicho chakula cha nyumba yoyote ya Mbagala. Tofauti ni mamia ya kilomita wanazokimbia mwezi hadi mwezi, milima wanayoishi, usingizi, na miaka. Wengi wetu hapa tunakimbia Jumapili tu, tumbo tupu, baada ya usiku wa harusi, kisha tunataka chupa izibe pengo.

Basi nakuomba hivi, wewe uliyejiandikisha kwa mbio zijazo. Kabla ya kununua chochote cha pumzi, nenda kituo cha afya kapime wingi wa damu, presha na minyoo. Usiku wa kuamkia mbio kula ugali au viazi vya kutosha, na asubuhi uji mwepesi wenye sukari na kikombe cha kahawa kama umekizoea. Na kama tayari una kopo au pakiti nyumbani, itazame: ikikosa jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo na usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, usiinywe wala usimpe mwenzio. Ukijisikia vibaya baada ya kuinywa, wahi hospitali ukiwa na pakiti mkononi, ili daktari awe na pa kuanzia.